Wananiita Baba Mawe

Mzazi aliyesomesha daktari anapimwa presha bure sebuleni kwake. Aliyesomesha mwanasheria, akikorofishana na mpangaji, anasema tu "ngoja mwanangu atoke kazini" na kodi inaletwa usiku huohuo. Hata aliyesomesha fundi umeme hakai giza. Mimi nimesomesha binti jiolojia pale Mlimani. Nina mawe.

Yapo kwenye kabati la vyombo, yapo juu ya friji, yapo chini ya kitanda cha wageni ndani ya ndoo iliyokuwa ya mchele. Moja kubwa, la rangi ya waridi iliyofifia, linazuia mlango wa jikoni usibamizwe na upepo. Siku nilipolisogeza kwa mguu nilisikia sauti kutoka chumbani: "Baba, taratibu, hilo lina zaidi ya miaka bilioni 2.5." Limetoka Dodoma. Mimi nimekaa hapa Tabata Kimanga tangu barabara ikiwa vumbi tupu, na hakuna mtu aliyewahi kusema nisogezwe taratibu.

Alimaliza kidato cha sita na PCB nzuri tu. Mimi nilishaanza kumwita daktari mbele ya wageni. Mama watoto alishachagua hospitali. Binti akajaza fomu zake za chuo kimya kimya, majina yalipotoka tukakuta jiolojia. Nikamuuliza hiyo ndiyo kazi gani. Akanijibu, "Kuisoma dunia, baba." Nikamwambia dunia sisi tunaisoma kila siku hapa Tabata, na Bodi ya Mikopo haijawahi kutupa hata mia.

Kwa haki ya Mungu, somo lenyewe halina kosa. Mlimani wanalifundisha tangu mwaka 1974, na nchi hii imelalia mali: dhahabu Geita, almasi Mwadui, tanzanaiti Mererani, gesi Songo Songo. Kosa ni la Tabata. Tabata haina jiwe. Nenda Segerea, nenda Kisukuru, nenda Barakuda, chimba choo futi unazotaka, utatoa mchanga, utatoa udongo mwekundu wa kunata, utatoa kandambili ya mtu, jiwe hulioni. Binti yangu ananiambia, tena kwa sauti ya kunipa pole, kwamba ardhi yetu hii ni mchanga na mfinyanzi ulioletwa na mito na bahari, na kijiolojia ni ya juzi tu. Nikamwambia ya juzi ni Goba. Tabata ni ya zamani.

Sasa mtu anayesomea mawe, akazaliwa pasipo na mawe, anafanyaje? Anavizia malori. Mtaani kwetu kila mtu anajenga na hakuna anayemaliza, kwa hiyo kokoto hazikosekani. Lori likimwaga tu, binti yangu amefika kabla ya fundi. Anachuchumaa pale na kile kilenzi chake cha kuning'iniza shingoni, anainua kokoto moja moja, anaigusisha na jicho. Hizi zenye mistari myeusi na myeupe, anasema, ni za Lugoba, mwamba uliopikwa chini sana ardhini mpaka ukajikunja, ndiyo maana ni ngumu na ndiyo maana bei iko juu. Hizi nyeupe zenye vitundu ni za Kunduchi, matumbawe ya bahari ya zamani, ukizitazama vizuri unaona konokono. Mwenye kokoto akamuuliza, "Binti, unazihesabu?" Kesho yake akaweka mlinzi.

Halafu kuna kile kichupa. Ni asidi, kidogo tu, imechanganywa na maji, wanapewa kwa ajili ya kupimia. Tone moja likidondokea jiwe la matumbawe, linachemka povu papo hapo, kwa sababu hiyo ni chokaa. Likidondokea la Lugoba, kimya. Alimwonyesha fundi wetu wa ukuta kwa nia njema kabisa. Fundi akaangalia lile povu, akaangalia kichupa, akaweka mwiko chini, na salio la kazi akaja kulidai kupitia kwa mjumbe.

Nyumbani kwangu nina meza moja ya jikoni yenye juu jeusi la kung'aa. Nililinunua kwa fedha ambayo mama watoto hadi leo anaamini ni nusu yake. Muuzaji aliniambia ni graniti, na mimi nimewaambia wageni wote ni graniti. Binti aliporudi muhula wa kwanza aliinama, akatoa kilenzi, akasema mbele ya shemeji zangu, "Baba, hii siyo graniti. Hii ni gabro." Kumbe graniti lazima iwe na kwatzi ya kutosha ndani, ile iliyo mithili ya kioo, na hii haina. Wauza mawe duniani kote huita kila jiwe gumu la kung'aa graniti, wanajiolojia wanaumia, na anayelipa ni mimi. Shemeji mmoja akauliza gabro ni bei gani. Tangu hapo meza ile nimeitandikia kitambaa.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya kesi ya udongo.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi. Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo la msingi wa banda, na binti alikuwa amesimama ukingoni akiwa na bonge la udongo mkononi. Mama watoto alikuwa dirishani anachambua mchele. Akamwona mtoto anamega kipande kidogo, anakitia mdomoni, anakitafuna kwa meno ya mbele taratibu huku ametazama juu, anatema. Anamega kingine. Anatafuna.

Ninyi mnaoishi Dar mnajua nani anakula udongo. Sokoni kila mahali kuna mama ana sinia la pemba, vile vijiti vya udongo, na wateja wake hawaulizwi habari zao, hali yao inaonekana kwa macho. Mama watoto aliacha ungo. Hakupiga kelele, na mwanamke asipopiga kelele ndipo ukimbie. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akampigia dada yake Mbagala, akampigia shangazi mtu Morogoro. Saa nane mchana sebule yangu ilikuwa imejaa watu wamevaa kikao. Mimi nilikuwa sijaambiwa chochote, nikadhani kuna msiba.

Shangazi akaanza kwa mbali, namna ya wazee: maisha ya chuo, vishawishi, marafiki. Binti anaitikia tu "ndiyo shangazi." Akaulizwa, "Na huyo kijana yuko tayari kujitambulisha?" Kijana gani? Ndipo yakatoka ya udongo. Mtoto alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akatufafanulia kwamba vidole havitoshi kutofautisha mfinyanzi na ule udongo wa chembe ndogo ndogo wanaouita silti, kwa sababu vyote vikishikwa ni laini. Lakini meno hayadanganyiki. Mfinyanzi unateleza, silti inakwaruza. Ni kipimo cha wanajiolojia dunia nzima, wazee wenye shahada tatu wanatafuna udongo porini na hakuna anayewaitia shangazi.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa mwanangu, lakini nauli ya Morogoro nani ananirudishia?" Niliirudisha mimi.

Nimekwisha kuwaambia juu ya daladala? Likizo moja alikuwa anarudi kutoka mafunzo ya vitendo, amebeba begi la mgongoni ambalo hata mimi silinyanyui. Pale Mawasiliano konda akamzuia: "Dada, huo mzigo unalipiwa. Una nini?" Akasema mawe. Gari zima likacheka, konda akaona anafanyiwa dhihaka. Akafungua zipu amwonyeshe. Abiria mmoja wa siti ya nyuma, ambaye ninamtafuta mpaka leo, akasema kwa sauti ya chini: "Hayo madini hayo." Kicheko kikakatika. Aliyekuwa amekaa akasimama kumpisha, begi likapakatwa na mzee wa heshima, konda akakataa nauli ya mzigo, na kijana mmoja alimsindikiza kutoka kituo cha Kimanga mpaka getini kwangu akimpa historia ya ukoo wao wenye maeneo Kahama. Ndani ya begi mlikuwa na mawe ya Milima ya Uluguru yasiyonunulika hata kwa bei ya kokoto.

Habari zikaenea. Hapo ndipo nilipopoteza jina. Zamani niliitwa kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, kama baba wengine. Leo hata Mangi wa duka, nikiagiza sukari, anasema, "Mpe Baba Mawe robo."

Na yakaanza kuletwa. Kila mwenye mjomba kijijini ana jiwe. Linakuja limefungwa kwenye leso, leso ndani ya mfuko, mfuko ndani ya kifua, na mwenyewe anaomba tufunge pazia. Vijana wa bodaboda, mama ntilie, fundi viatu, mwalimu mstaafu. Mmoja alileta kipande cha chupa ya bia kilicholainishwa na maji ya Msimbazi, akakiita zumaridi. Lililomtesa zaidi ni lile la Chunya. Kijana alilifungua mezani, likang'aa njano sebule nzima. Binti akachukua kigae kilichobaki tulipotengeneza bafu, akakigeuza upande wa nyuma usiong'aa, akalikwaruza jiwe pale. Dhahabu, alisema, ikikwaruzwa inaacha mstari wa njano. Hili likaacha mstari mweusi wenye ukijani. Ni pairiti, chuma na salfa, wajinga wa nchi zote wamewahi kuifurahia. Kijana akatazama mstari, akamtazama binti, akafunga leso yake. Mtaani akaenda kusema yule mtoto wa Baba Mawe anajua sana, ila mchoyo: anakwambia la uongo ili ulitupe, usiku aliokote.

Niliwaambia wote, ukitaka uhakika kuna maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini kule Dodoma, peleka, lipia, upewe majibu yaliyoandikwa. Hakuna aliyekwenda. Jiwe likishapimwa ndoto imekwisha, bora likae kwenye leso.

Msumari wa mwisho aliugongelea Saniniu Laizer. Juni 2020 yule mchimbaji wa Mererani aliibuka na tanzanaiti mbili, moja kilo 9.27, nyingine kilo 5 na ushee, serikali ikamlipa shilingi bilioni 7.74. Picha zake zilikuwa kwenye kila simu. Jioni ile nilikuwa kijiweni kwa Mangi na hakuna aliyezungumza na mtu mwingine isipokuwa mimi. "Baba Mawe, Laizer alisomea chuo gani?" Nikawajibu kwa Williamson. Nikawaambia yule Mkanada, John Williamson, alikuwa na udaktari wa jiolojia, alizunguka Shinyanga akitafuta almasi mpaka hela ikamkauka, na mwaka 1940 akaupata mgodi wa Mwadui. Jiwe moja tu la waridi lililotoka pale mwaka 1947 alimpa Elizabeth wa Uingereza zawadi ya harusi. Nikaona nimewanyamazisha. Kumbe mama watoto alikuwa nyuma yangu anasubiri mkate. "Na yeye Williamson mwenyewe alioa lini?" Hakuoa. Alifariki mwaka 1958 bila mke. Mwenzangu alichukua mkate wake akaondoka, na kwa wiki nzima kila kijana mwenye kazi ya kueleweka aliyepita mtaani kwetu alikaribishwa chai.

Mwaka huohuo, tarehe 12 Agosti, saa mbili usiku na dakika chache, ardhi ikatikisika. Mliokuwa Dar mnakumbuka. Kitovu kilikuwa baharini, kusini-mashariki yetu, ukubwa karibu 6. Kwangu vikombe viligongana, na mawe ya kwenye kabati, ambayo miaka yote nilikuwa nayatukana, yalikaa kimya kuliko sahani. Mtaa mzima ulitoka nje. Mwenye taulo, mwenye kanga, mwenye runinga begani. Na wote, bila kuambiana, wakaja getini kwangu. Mjumbe akiwa mbele akasafisha koo: "Binti, lingine linakuja saa ngapi?"

Binti akasema tetemeko halitabiriki. Huenda vikaja vidogo vya kufuatia, lakini saa hakuna mtu duniani anayeijua. Mjumbe akanigeukia mimi kwa huzuni. "Miaka yote hiyo Mlimani, Baba Mawe."

Mtoto akaona awape basi kile anachokijua. Akawaelezea Bonde la Ufa, lile tawi la mashariki linalopita Natron na Manyara, na lile la magharibi la Tanganyika na Nyasa. Akasema Afrika inachanika pale polepole, milimita chache kwa mwaka, na huku kwetu pwani tunasogea kuelekea mashariki, na baada ya mamilioni ya miaka huenda bahari ikaingia katikati. Watu wakatulia. Dereva mmoja wa malori ya Lubumbashi akauliza kama posho ya safari itaongezwa kadiri umbali unavyoongezeka. Mangi akapaza sauti akasema wale walioko kwenye daftari lake wasije wakadhani wataondoka na bara, walipe kabla.

Mimi kinachonikera siyo mawe peke yake. Kinachonikera ni kwamba mtaa mzima unamletea kilichofungwa kwenye leso, na kile alichokisomea hasa, yaani hii ardhi tunayoikanyaga, hakuna anayetaka kukisikia. Shemeji yangu alipata kiwanja cha bei poa huko juu ya Kinyerezi, pembeni ya kijito. Twende ukione, wewe ni mtaalamu. Tukaenda. Binti hakutazama hata mandhari, alitazama kona ya kijito. Akasema, mjomba, maji yakikata kona yanakimbia zaidi upande wa nje, huko yanakula ukingo, na upande wa ndani yanapooza, yanamwaga mchanga. Wewe unauziwa upande wa nje. Tena ona huko chini wanachota mchanga wa kuuza, kila tripu wanayotoa kitanda cha mto kinashuka na kingo zinaporomoka kukifuata. Shemeji akamshukuru sana. Akamuuliza, "Lakini chini yake hakuna madini?" Akanunua. Hati inasema 20 kwa 20. Juzi tulikwenda kupima, mvua za masika zimeshamlipisha kodi yake, na kona moja ya uzio ipo upande wa pili wa maji, kwa mtu mwingine kabisa.

Au chukua Dampo. Daladala zinapiga kelele "Dampo, Dampo" kila siku na watoto wa leo wanadhani ni jina la mtu. Pale jiji zima lilikuwa linamwaga taka zake, moshi mchana na usiku, mpaka wakazi wakaenda Mahakama Kuu, kesi namba 299 ya mwaka 1988, na mahakama ikaagiza umwagaji ukome. Baadaye taka zikapelekwa Vingunguti, zikaenda Mtoni, zikaishia Pugu. Kesi hiyo wanasheria wanaisoma vyuoni. Binti yangu na wenzake wao hawana habari na kesi, wana habari na tabaka. Mtu mmoja kule alichimba msingi, wakaomba kushuka mtaroni. Juu udongo wa kufukia, chini yake majivu, chini yake plastiki iliyobanana, vigae vya chupa, soli za viatu, betri, halafu mstari ulionyooka na mchanga safi wa Mungu. Wakasimamisha rula, wakapiga picha, wakaandika. Mwenye nyumba, akiona vijana wenye kofia ngumu na makaratasi, akajua ni bomoabomoa. Alianza kuezua mabati mwenyewe ili ayawahi.

Nasikia mwaka 2024 wakubwa wa jiolojia duniani walipiga kura kuamua kama enzi hii ya binadamu, ya plastiki na moshi, iandikwe kuwa zama rasmi za dunia. Hoja ikaanguka. Mimi siyo mtaalamu, ila kikao kile kingefanyika Tabata Dampo, wajumbe wakashushwa mtaroni kidogo, tungeongea mengine.

Kitu kimoja kiliwahi kumpa heshima humu ndani, na hakikuwa dhahabu. Alirudi safari ya Oldoinyo Lengai, ule mlima wa Wamaasai kule Ziwa Natron, akawa anasimulia mezani. Kwamba hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa uji wa namna ile. Wa milima mingine mingi una joto la zaidi ya nyuzi 1,000, mwekundu, mzito. Wa Lengai ni kama nyuzi 500 hivi, mweusi, unatiririka kwa wepesi wa ajabu, halafu ukipoa unageuka mweupe ndani ya siku chache. Kwa sababu umejaa kabonati ya sodiamu. Mama watoto alikuwa anajipakulia. "Ndiyo kitu gani hicho?" Binti akasema, ndugu yake ni yale magadi, mama. Kijiko kikasimama. "Magadi haya? Ya maharage?" Ndiyo, jamii ileile. Mlima unatapika magadi. Mwenzangu alikaa kimya kwa muda, kisha akamwongezea mtoto nyama. Siku zilizofuata nilimsikia ukutani anawaelimisha jirani zake kuhusu volkano, kwa mamlaka kamili, akitumia sufuria ya makande kuwa mfano.

Desemba 2023 hatukucheka. Tarehe 3 tope la Mlima Hanang lilishuka Katesh, likaua watu zaidi ya 80. Usiku ule watu walikuja tena getini, safari hii bila leso. Binti akawaeleza kwamba ule ni mlima wa volkano ya zamani, miamba yake mingine imeshaoza na kulainika, mvua ikinyesha mfululizo inanyonya maji mpaka inashindwa kujishika. Walisikiliza wote mpaka mwisho. Wakauliza maswali mazuri. Mwalimu mstaafu aliuliza kuhusu korongo letu la huku chini. Wiki iliyofuata aliyekuja alikuwa na jiwe.

Sasa amemaliza. Anaomba kazi. Matangazo ya migodi yanataka uzoefu wa miaka 5, na ukimuuliza mwenye mgodi huo uzoefu unapatikana wapi, unapatikana mgodini. Huku nyuma ndiye mtaalamu wa mtaa asiyelipwa, na mimi ndiye stoo.

Juzi amekuja na jipya. Anataka kusoma zaidi, na siyo dhahabu, siyo gesi. Mifupa. Anasema Tendaguru, kule Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walifukua mifupa ya dinosaria, tani zaidi ya 200, ikabebwa vichwani na wapagazi wetu mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Dinosaria mmoja amesimamishwa Berlin, kwenye makumbusho, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Anataka akamwone, akamsome.

Nikamuuliza, mifupa ni ya Lindi? Ya Lindi. Nikamwambia nauli ya Lindi ninayo hapa mfukoni, mabasi yanapita Mbagala, asubuhi unaondoka, jioni unakula samaki. Akasema Lindi alishakwenda, kilichobaki ni kibao na nyasi, mifupa iko Ulaya. Kwa hiyo mzee mzima natakiwa nipeleke taarifa za benki ubalozini nithibitishe kwamba nina uwezo wa kumpeleka mtoto Ujerumani akaangalie kitu kilichotoka kusini mwa Rufiji. Taarifa zangu za benki nazo zina matabaka, ila yote ni ya kutoa.

Mama watoto amekubali, ameanza hata kutafuta sweta. Ndugu wa Mbagala wamechanga. Mangi naye amechanga, kwa sharti kwamba deni langu la sukari lisiguswe na mchango. Binti ananiambia nisiwe na wasiwasi, atarudi na zawadi. Nikamuuliza zawadi gani. Akasema kuna mahali Ujerumani panaitwa Eifel, kuna volkano za zamani, bazalti yake nzuri mno.

Nimemwambia mimi navaa viatu namba 43.